Jinsi Kompyuta Inavyozipa Faili Lebo za Ulinzi

Wengi wetu twajua ya kuwa kompyuta ina neno la siri, na ya kuwa mtu asiyelijua hawezi kuingia. Lakini ni wachache wanaojua kwamba, hata baada ya mtu kuingia, upo ulinzi wa pili unaofanya kazi ndani kimya kimya, nao hutegemea lebo ndogo iliyobandikwa juu ya kila faili. Katika makala hii nataka kueleza lebo hizo hutoka wapi, ni nani azisomaye, na kwa nini faili iliyohamishwa huweza kukataliwa ingawa imewekwa mahali pake hasa.

Jambo hili si la watu wa mbali. Hapa kwetu Omugo, wilaya ya Terego, kompyuta ya shule hutunza majina na maksi za wanafunzi wote. Tangu mwaka 2017, makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp yalipopanuliwa mpaka Omugo, tumeketi darasani pamoja na wenzetu waliotoka Sudan Kusini. Majina ya wazazi wao, mahali walikotoka, na habari za afya zao zimo ndani ya mashine ile ile inayotuonyesha maswali ya mitihani iliyopita. Mtu aliyekimbia vita ana sababu nzuri ya kutotaka jina lake lisomwe na kila apitaye. Tena, sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu habari za watu inamtaka kila anayezitunza azilinde. Basi yafaa tujue ulinzi huo ukoje.

1. WALINZI WAWILI

Mlinzi wa kwanza ni wa zamani. Katika mfumo wa Linux kila faili ina mwenyewe, na ina kundi lake. Mwenyewe huamua nani asome, nani aandike, na nani aitumie kama programu. Ulinzi huu ni mzuri, lakini una upungufu mkubwa: programu yoyote unayoiendesha hupata nguvu zako zote. Mwovu akiidanganya programu moja tu, amepata kila kitu ambacho mwenye programu hiyo anaruhusiwa kukigusa. Ikiwa programu inaendeshwa kwa jina la mkuu wa mashine, yaani root, basi hakuna mlango uliobaki.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta mlinzi wa pili, asiyejali mwenye faili anataka nini, bali afuataye kanuni zilizoandikwa kwa mashine nzima. Mmoja wa walinzi hao huitwa SELinux. Uliandaliwa na NSA, idara ya usalama ya Marekani, ukatolewa hadharani mwezi wa Desemba 2000 ili kila mtu aweze kuusoma na kuutumia. Mwaka 2003 uliingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 2.6. Mwaka 2005 kampuni ya Red Hat iliuwasha katika toleo la nne la mfumo wake wa biashara, na tangu hapo umeenea duniani.

Walinzi hawa wawili hufanya kazi kwa zamu. Kwanza mlinzi wa zamani huulizwa. Akikataa, mambo yamekwisha. Akikubali, ndipo SELinux huulizwa, na hapana budi naye akubali. Mlinzi huyu wa pili hawezi kumpa mtu ruhusa ambayo wa kwanza amemnyima. Aweza kupunguza tu.

2. LEBO IKOJE

Ukiandika amri ya ls -Z katika mashine yenye SELinux, utaona mbele ya jina la kila faili maneno kama haya:

system_u:object_r:httpd_sys_content_t:s0

Msomaji asitishike. Maneno haya yana sehemu nne zilizotengwa kwa nukta mbili: mtumiaji, wadhifa, aina, na daraja. Katika mashine za kawaida sehemu yenye kazi kubwa ni ya tatu, yaani aina, ambayo jina lake huishia kwa _t. Aina httpd_sys_content_t ni ya kurasa ambazo programu ya kugawa kurasa yaruhusiwa kuzisoma. Aina user_home_t ni ya vitu vilivyo katika folda ya mtu binafsi. Aina shadow_t ni ya faili ya /etc/shadow, inayotunza maneno ya siri yaliyofumbwa.

Programu zinazoendeshwa nazo zina lebo. Programu ya kugawa kurasa hubeba lebo ya httpd_t. Kisha kuna kitabu kikubwa cha kanuni kisemacho: wenye lebo hii wanaweza kusoma faili za lebo ile. Jambo lisiloandikwa humo limekatazwa. Hakuna kanuni inayoiruhusu httpd_t kusoma shadow_t. Kwa hiyo hata mwovu akiiteka programu ya kurasa, na hata kama ingekuwa na nguvu za root, maneno ya siri hatayaona kwa mlango huo.

3. DAFTARI LA NJIA

Sasa twafika kwenye swali letu lenyewe. Mashine moja ina faili maelfu kwa maelfu. Ni nani azibandikaye lebo zote hizo?

Jibu ni kwamba kuna daftari, nalo huitwa file_contexts. Ndani yake kila mstari una mambo mawili makubwa: kwanza njia, yaani anwani ya faili toka mzizi wa mashine, na pili lebo inayostahili faili zenye njia hiyo. Haiwezekani kuandika kila faili kwa jina, kwa hiyo njia huandikwa kwa alama za kufananisha. Tazama mifano hii:

/etc(/.*)? hupewa etc_t
/etc/shadow.* hupewa shadow_t
/var/www(/.*)? hupewa httpd_sys_content_t
/var/www/cgi-bin(/.*)? hupewa httpd_sys_script_exec_t

Alama (/.*)? maana yake ni "folda hii yenyewe, pamoja na kila kilichomo ndani yake, hata kiwe chini namna gani". Msomaji mwepesi ataona tatizo mara moja. Faili ya /etc/shadow inafanana na mstari wa kwanza, na inafanana na wa pili vile vile. Je, ifuate upi? Kanuni ni kwamba mstari unaotaja mahali kwa ufupi zaidi hushindwa na ule unaotaja kwa urefu. Huhesabiwa herufi zilizo wazi kabla ya kufika kwenye alama ya kwanza ya kufananisha; mstari wenye herufi nyingi zaidi ndio ulio karibu zaidi na faili. Kwa hiyo shadow_t hushinda. Ni kama kusema: watu wote wa Terego wafanye hivi, lakini watu wa Omugo wafanye vile. Mtu wa Omugo ni mtu wa Terego pia, lakini agizo lililomtaja kwa karibu ndilo alifuatalo.

Mstari waweza pia kutaja namna ya kitu: faili ya kawaida, folda, au kiungo. Na mwenye mashine akiongeza mistari yake mwenyewe, hiyo hutiwa katika daftari la nyumbani, nayo hutangulia ile iliyokuja na mfumo.

4. KITAMBAA CHA BWENI

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami naomba msomaji aende nami polepole.

Wengi hudhani ya kuwa faili inapotakiwa, SELinux hutazama njia yake, hufungua daftari, kisha huamua. Sivyo. Kiini cha mfumo hakilifungui daftari hata kidogo. Chenyewe husoma lebo iliyobandikwa juu ya faili, basi. Lebo hiyo imeandikwa pamoja na faili ndani ya diski, mahali paitwapo security.selinux. Daftari la njia hutumika siku ya kubandika tu, na programu za kubandika ndizo zilifunguazo.

Tuchukue mfano wa shule ya bweni. Mkuu wa mabweni ana daftari lisemalo: wanaolala bweni la Nile wavae kitambaa cha kijani, na wanaolala bweni la Wati wavae chekundu. Askari wa mlango wa maktaba ameambiwa: mwenye kijani aingie, mwenye chekundu asiingie. Askari huyu hana daftari la mabweni, wala haulizi mtu analala wapi. Hutazama kitambaa tu.

Sasa kijana wa Wati anahamia Nile. Anabeba godoro lake, anabeba sanduku lake, na kitambaa chake chekundu kimo shingoni bado. Usiku amelala Nile kwa haki; asubuhi askari anamzuia. Askari hakukosa. Daftari halikukosa. Kilichokosekana ni mtu wa kupita na daftari mkononi na kumbadilishia kitambaa.

Lakini mwanafunzi mpya aliyepokewa Nile siku ya kwanza hupewa cha kijani pale pale mlangoni, kwa kuwa amezaliwa katika bweni hilo, kama tuwezavyo kusema.

Ndivyo zilivyo faili. Amri ya mv huhamisha faili ile ile, na lebo yake huenda nayo. Amri ya cp huumba faili mpya, na faili mpya kwa kawaida huchukua aina ya folda inamozaliwa, isipokuwa pana kanuni nyingine iliyoandikwa. Kwa hiyo watu wawili waweza kuweka ukurasa mmoja katika folda moja, mmoja kwa mv na mwingine kwa cp, na ukurasa wa kwanza ukakataliwa, wa pili ukasomwa. Mlinzi wa zamani atasema zote mbili ni sawa. Njia ni ile ile. Lebo ndiyo tofauti.

Muhula uliopita chama chetu cha kompyuta kilitaka kuwaonyesha wenzetu wa Senior Four maswali ya mitihani kwa njia ya waya za ndani ya shule, bila intaneti. Mwenzetu mmoja aliandika kurasa katika folda yake ya nyumbani, kisha akazihamisha kwa mv mpaka /var/www/html. Kila aliyefungua alijibiwa kwa namba 403, maana yake "umekatazwa". Ruhusa za kawaida zilikuwa sawasawa. Tulipotazama kwa ls -Z tukaona kurasa zote zimevaa user_home_t. Zilikuwa bwenini mwa Nile na vitambaa vya Wati.

5. NAMNA YA KUREKEBISHA

Dawa za tatizo hili ni tatu, na si sawa kwa nguvu.

Ya kwanza ni restorecon. Amri hii humtuma mkuu wa mabweni apite na daftari lake. Hutazama njia ya kila faili, husoma daftari, na kama lebo haipatani na daftari, huibadilisha. Katika jambo letu la maswali ya mitihani, restorecon -Rv /var/www/html ilitosha. Herufi R yamtuma aingie katika folda zote za ndani, na v yamtaka aseme kila alichobadilisha.

Ya pili ni chcon. Amri hii hubadilisha kitambaa kwa mkono, bila kuligusa daftari. Yafaa kwa majaribio ya mchana mmoja. Lakini siku mashine itakapobandika lebo upya, mkuu atapita na daftari, ataona kitambaa kisichopatana nalo, na atakiondoa. Kazi yako imepotea, nawe umesahau uliifanya lini.

Ya tatu ni kuliandika daftari lenyewe. Tuseme kurasa za shule zimewekwa katika /srv/shule, mahali ambapo daftari halipajui kuwa pa kurasa. Hapo restorecon peke yake haifai kitu, kwa kuwa itafuata daftari lile lile. Hapana budi kuongeza mstari kwanza:

semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/srv/shule(/.*)?"

Kisha ndipo uite restorecon -Rv /srv/shule. Daftari kwanza, kitambaa baadaye. Kuandika daftari hakubadilishi faili hata moja iliyopo. Na kubadilisha faili hakuliandiki daftari. Anayelishika jambo hili moja ameshika nusu ya elimu yote ya lebo.

Neno kuhusu flashi, kwa kuwa sisi wa huku hubebeana masomo kwa flashi. Flashi nyingi zimetengenezwa kwa mpangilio wa FAT, ambao hauna mahali pa kuandika lebo. Kwa hiyo mfumo huipa flashi nzima lebo moja, kwa kawaida dosfs_t, kama gari zima la abiria wenye tiketi ya rangi moja. Zikishanakiliwa kwa cp ndani ya diski ya mashine, ndipo kila nakala hupata lebo ya folda yake mpya.

6. WALE WANAOTAZAMA NJIA YENYEWE

Si mifumo yote ifuatayo desturi hii. Ubuntu hutumia mlinzi mwingine, AppArmor, ambaye aliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2010, toleo la 2.6.36. AppArmor habandiki lebo juu ya faili. Kila programu inayolindwa ina karatasi yake isemayo: soma njia hizi, andika njia zile. Faili inapotakiwa, njia yake hutazamwa saa ile ile. Katika mfano wetu, huyu ni askari anayemuuliza mtu: umetoka bweni gani?

Uzuri wake ni kwamba ni rahisi kueleweka, na faili ikihamishwa hufuata mara moja sheria ya mahali papya. Upungufu wake ni kwamba katika Linux faili moja yaweza kuwa na njia mbili, kama mtu mwenye majina mawili. Kwa hiyo mwandishi wa karatasi ya AppArmor hana budi kuangalia ni nani anayeruhusiwa kuipa faili jina la pili. SELinux haina shaka hiyo saa ya kusoma, kwa kuwa majina ni mawili lakini mwili ni mmoja na kitambaa ni kimoja. Kila mlinzi, basi, ana wema wake na uzito wake. Kosa ni kumtumia mmoja ukidhani ni mwingine.

7. HATA MFUKONI

Msomaji asiye na kompyuta asidhani ameachwa nje. Simu za Android, ambazo twaziona kila siku sokoni Arua na Koboko, zina SELinux ndani. Iliingia katika Android 4.3 ya mwaka 2013, wakati huo ikiandika tu bila kukataza. Katika toleo la 4.4 ilianza kukataza kwa sehemu, na kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014 inakataza kwa programu zote.

Humo pia mna daftari la njia: faili za /system kwa kawaida hupewa lebo ya system_file. Lakini folda za programu unazopakua haziwezi kulindwa kwa njia peke yake, maana watengenezaji wa programu ni wengi na hawaaminiki sawasawa. Kwa hiyo simu hutazama pia programu yenyewe ni ya nani na imetiwa sahihi gani, ndipo iipe folda yake lebo. Ndiyo moja ya sababu programu ya tochi uliyoipakua jana haiwezi kufungua folda ya programu ya benki iliyo katika simu hiyo hiyo.

8. TUSIMFUKUZE ASKARI

Kurasa zetu zilipokataliwa, kijana mmoja alishauri tuandike setenforce 0, nasi tungeona maswali mara moja. Ni kweli, tungeyaona. Amri hiyo humwambia SELinux: andika unayoyaona, lakini usimzuie mtu. Yafaa kwa dakika chache za kutafuta kosa, kwa kuwa kila kilichokatazwa huandikwa katika /var/log/audit/audit.log kwa maneno avc: denied, pamoja na lebo ya programu na lebo ya faili. Lakini wengi hawairudishi. Wengine humzima kabisa, na hapo ni vibaya zaidi: faili zote zinazoumbwa wakati amezimwa huzaliwa bila lebo, na siku atakapowashwa tena hapana budi mashine nzima ibandikwe upya.

Na je, askari huyu ana faida ya kweli? Mwezi wa Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika runc, programu inayoendesha makontena, yaani vyumba ambamo programu nyingine hufungiwa. Mwovu aliyekuwa ndani ya chumba aliweza kuiandika upya faili ya runc iliyo nje, na hivyo kuitawala mashine yote. Red Hat ilieleza ya kuwa SELinux ikiwa katika hali ya kukataza iliukinga mfumo wake wa biashara na shambulio hilo, kwa sababu programu yenye lebo ya kontena hairuhusiwi kuandika juu ya faili yenye lebo ile. Kasoro ilikuwapo, lakini lebo ilisimama mlangoni.

Mashine yetu ndogo ina jambo lile lile. Programu inayogawa maswali ya mitihani imefunguliwa kwa kila mwanafunzi, na siku moja huenda mtu akapata namna ya kuidanganya. Akiidanganya huku lebo zikifanya kazi, atapata maswali ambayo tumekwisha kuyagawa bure. Akiidanganya baada ya sisi kumfukuza askari, ataweza kutembea mpaka popote ambapo ruhusa za zamani zimeachwa wazi, na huenda akayakuta majina ya watoto waliovuka mpaka usiku. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni mstari mmoja katika daftari na amri moja ya kubandika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Faili imehamishwa kwa mv kutoka /home mpaka /var/www/html. Je, lebo yake itakuwa ipi kabla ya restorecon, na ipi baadaye?

2. Mtu ametumia chcon juu ya folda ya /srv/shule, na kurasa zikaonekana. Baada ya mashine kubandikwa lebo upya, zimekatazwa tena. Eleza kwa nini, na useme angefanya nini tangu mwanzo.

3. Faili ya /var/www/cgi-bin/hesabu inafanana na mistari miwili ya daftari. Itafuata upi, na kwa sababu gani?